"CASUAL" MAANA YAKE NINI?



Sisi ni watu wa reli. Reli haikufika Migori wala Homa Bay, lakini ndugu zetu wakatao miwa Awendo na Ndhiwa hupigwa kwa fimbo ile ile itupigayo sisi. Fimbo hiyo ni neno moja la Kiingereza: "casual".

Neno hili lina maana nyingi. Jambo litokealo kwa bahati tu, casual. Nguo za kupumzikia, casual. Mtu asiyejali, casual. Na mtu wa kibarua, naye casual. Tajiri huchagua maana impendezayo. Tukidai likizo, sisi ni watu wa leo tu. Akitaka kazi, hutuita kila asubuhi miaka mitatu!

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 ina maana moja tu: mtu alipwaye kila siku, asiyeandikwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 chasema, akifanya kazi mfululizo muda usiopungua mwezi mmoja, huyo ahesabiwe mtu wa mshahara wa mwezi. Kumwachisha ni kwa notisi ya maandishi, siku 28.

Januari 1947 vibarua wa bandari na watu wa reli waligoma pamoja Mombasa. Hawakuulizana nani casual.

Kibarua asili yake ni barua ndogo. Basi tuandike! Kila mtu na daftari lake, kila siku aliyofanya kazi, kisha alilete chamani.

Umoja ni nguvu.