SAUTI INAYOKUAMBIA USILE NI YA NANI?



Shakahola ilifukuliwa miili zaidi ya 400 kuanzia Aprili 2023, na watoto wengi walikuwemo. Mwaka 2025 makaburi mengine yakapatikana Kwa Binzaro, hapa hapa Kilifi. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba yameisha.

Waliokufa hawakuwa wapagani. Walikuwa watu wa maombi, na wengi waliamini kwa moyo wote kwamba wanamtii Mungu. Mpendwa, hapo ndipo penye mtego. Machozi, mwili kusisimka, uhakika moyoni: mtu aliyepotea anavyo vyote hivyo.

Bado wako wanaoniandikia, “Mchungaji, mambo ya rohoni hayachunguzwi, usiguse mpakwa mafuta.” Nakataa! 1 Yohana 4:1 inatuagiza tuzijaribu roho. Waberoya walimchunguza Paulo, tena wakasifiwa. Shetani naye alimnukulia Yesu Maandiko akimtaka ajitupe kutoka juu ya hekalu.

Mimi naamini Mungu anasema hata leo. Lakini soma 1 Wafalme 19. Eliya alipoomba afe, malaika alimletea mkate akamwambia ale. Binti wa Yairo alipofufuka, Yesu aliagiza apewe chakula. Sasa niambie, sauti inayomnyima mtoto uji mpaka afe ameitoa Biblia gani?

Mwaka jana mama mmoja alinijia baada ya mkesha. Sauti ilimwambia amepona, aache dawa za presha. Sikumcheka. Nilimwambia, “Mama, Yesu aliwatuma wale wakoma kumi wakajionyeshe kwa makuhani. Kama ni Bwana, haogopi kipimo.” Tukaenda zahanati. Presha ilikuwa juu sana. Leo anameza dawa, na kwenye mkesha bado ndiye wa kwanza kufika.

Na sisi watumishi tutubu. Tumezoea kusema “Mungu ameniambia” hata kwa mambo tuliyoyawaza wenyewe, tukawafundisha watu kuogopa kuuliza. Mchungaji asiyekubali kuulizwa amekwisha kujiweka mahali pa Mungu.

Mtu akikuambia ufiche watoto wasiende shule, ukatae hospitali, ukimbie ndugu zako, ufunge mpaka ufe, usibaki kumwombea hapo. Ondoka na watoto, mwambie chifu, nenda polisi.

Hata kama mtu huyo ni mimi.