Rejeta Imoto, Tajiri Ana Haraka

Nyumba ya mashine ya posho ikishapakwa chokaa, tajiri hutaka injini ya dizeli iwake siku ile ile. Ndivyo ilivyo Mbarara mjini, ndivyo ilivyo Nakivale, makazi ya wakimbizi tangu mwaka 1958. Kibarua hurudisha rejeta, hukaza mipira, humimina maji mbiombio na kufunga. Kumbe hewa imebaki ndani. Injini inachemka, naye anaamriwa afungue aongeze maji.

Hapo ndipo watu wanapoungua. Maji yaliyobanwa na kifuniko hupita digrii 100 bila kuchemka. Ukifungua yanakurukia usoni. Mimina polepole, washa injini ikiwa baridi na kifuniko wazi mpaka mapovu yaishe, jaza tena, ndipo ufunge. Maji ya ziwa yenye tope usiyatie, yanaziba mirija. (Wako wanaoyatia kila siku, kisha wanalaumu injini!)

Tajiri atasema wateja wanangoja. Wangoje! Sheria ya usalama kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka atoe vifaa vya kujikinga bila kumkata mfanyakazi hata senti. Tunadai glavu nene, na muda wa kungoja injini ipoe uhesabiwe saa za kazi.