Bustani ya mtaa: tuandikiane kabla ya kupanda

Nyanya na vitunguu vingi tunavyokula Unguja huvuka bahari kutoka Bara. Bahari ikichafuka, bei hupanda. Kwa hiyo majirani wanapogeuza kiwanja kitupu kuwa bustani ya mchicha, bamia na mrehani, wanafanya kheri. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mmea, kisha mtu, ndege au mnyama akala humo, huandikiwa sadaka.

Lakini kheri hii huweza kugeuka ugomvi. Kiwanja kitupu si kiwanja kisicho na mwenyewe. Kukilima bila ya idhini ni dhulma, hata kama mavuno watapewa mayatima. Idhini ya mdomo nayo haitoshi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, kuazima humalizika kwa kifo cha aliyeazimisha. Warithi wanaweza kudai kiwanja chao.

Basi kabla ya kushika jembe iandikwe: nani katoa kiwanja na kwa muda gani, nani atalipia maji, na mavuno yatagawiwa vipi. Suratul Baqara, aya ya 282, imetuamrisha kuandikiana madeni; mali ya ushirika nayo inataka hadhari hiyo hiyo.

Ama zaka, kwa madhehebu hayo haimo katika mboga, kwani zaka ya mazao iko katika chakula kikuu kinachowekeka akiba. Haki ya jirani ipo pale pale: mzee na mgonjwa wasioweza kulima nao wapelekewe fungu lao.

Wallahu a'alam.