Tunalima Sukari, Tunang'oa Meno

Kilosa ni wilaya ya sukari. Mtu akitoka Mikumi, akaiacha barabara kuu iendayo Iringa na kushika njia ya Kidatu, haendi sana kabla hajaanza kuona miwa. Kiwanda cha Ruembe, kimojawapo cha viwanda vya Kampuni ya Sukari Kilombero, kimo ndani ya mipaka yetu, na wako wazazi wengi waliosomesha watoto wao kwa fedha ya miwa. Kwa hiyo mzee anayesimama hapa kuisema sukari vibaya huonekana kama mtu anayekitukana chungu alichopikiwa. Najua hivyo, na bado nitasema. Ila naomba nieleweke mapema: sina ugomvi na mkulima wa miwa, wala na kijiko cha sukari kwenye uji. Ugomvi wangu ni na soda, zenye sukari na zile zinazonadiwa kuwa hazina, na zaidi ni na sisi watu wazima tunaowauzia vijana soda hizo ndani ya uzio wa shule.

Nimefanya kazi ya ualimu maisha yangu yote, na nilistaafu nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu. Baadhi ya wakuu wa shule ninaowalaumu humu walipita mikononi mwangu wakijifunza kazi. Nawaambia bila kuficha: jino la kudumu likishaharibika halioti jingine, na shule inayomwuzia mwanafunzi kinywaji cha kuliharibu inakula fedha ya mwili wa mtoto iliyekabidhiwa kumlea.

Tuanze na jino lenyewe. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, na la pili akiwa na miaka 12 hivi. Maana yake ni kwamba kijana anapoingia Kidato cha Kwanza, baadhi ya meno yake yametoka juzi tu. Ganda la nje la jino, liitwalo enameli, ndicho kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu, lakini jino jipya linapochomoza ganda hilo huwa bado halijakomaa. Miaka michache ya mwanzo huendelea kunyonya madini kutoka katika mate na kuwa imara. Ni kama tofali bichi lililoanikwa, ambalo likipata jua litafaa kujengea, na likinyeshewa kabla ya kukauka litamomonyoka. Sisi tunaimwaga mvua hiyo wakati ule ule tofali liko uwanjani.

Kiswahili chetu kina maneno mawili yanayofaa sana hapa: jino huoza, na jino hulika. Kuoza ni kazi ya bakteria. Wadudu hawa wadogo wasioonekana kwa macho huishi katika utando unaoganda juu ya meno. Tukila sukari, nao hula, kisha hutoa asidi inayotoboa enameli. Kulika ni jambo jingine. Hapo asidi haitoki kwa bakteria bali imo ndani ya kinywaji chenyewe, nayo hulilamba jino lote, hasa sehemu za mbele na ncha za magego. Soda yenye sukari huozesha na hulisha meno kwa pamoja. Soda isiyo na sukari haiwalishi bakteria, lakini kulika kuko pale pale.

Sasa kuhusu kuoza. Katika miaka ya 1940, mtafiti wa Marekani Robert Stephan aliwapa watu sukari wasukutue, akapima asidi juu ya meno yao. Aliona kwamba asidi hupanda katika dakika chache, kisha mate huchukua nusu saa au zaidi kuirudisha hali ya kawaida. Miaka hiyo hiyo, huko Sweden, katika hospitali ya Vipeholm, watafiti waliwalisha sukari kwa namna mbalimbali wagonjwa wa akili ambao hawakuwa na uwezo wa kukubali wala kukataa. Lilikuwa jambo la aibu, na leo lisingeruhusiwa. Lakini walichokiona, kilichochapishwa mwaka 1954, hatuwezi kukitupa: sukari iliyoliwa pamoja na mlo ilidhuru kidogo, na ile iliyoliwa mara kwa mara kati ya mlo na mlo, hasa ya kunata, ilidhuru sana. Kwa hiyo pamoja na kuuliza kijana amekula sukari kiasi gani, tuulize meno yake yameoga sukari mara ngapi kwa siku.

Hapo ndipo ninapoiona chupa ya plastiki kuwa adui kuliko ile ya kioo. Tuliokuwa watu wazima miaka ya 1970 na 1980 tunakumbuka kwamba soda ilikuwa kitu cha harusi, cha Idi na Krismasi, au cha mgeni aliyetoka mbali. Ilikuja katika chupa ya kioo yenye rehani. Mnywaji alisimama pale pale dukani, akainywa akaimaliza, akarudisha chupa ya watu. Meno yaliogeshwa mara moja, kisha mate yakapata nafasi ya kufanya kazi yake. Leo chupa ni ya plastiki, ina kifuniko cha kufungua na kufunga, na bei yake haimshindi mwanafunzi mwenye nauli mfukoni. Pale Mikumi mabasi yanaposimama, vijana huzinyanyua hadi madirishani, na abiria huanza kunyonya kidogo kidogo hadi afike Iringa. Mwanafunzi naye huinunua saa ya mapumziko, akaonja, akafunga, akaiweka chini ya dawati, akaonja tena baada ya kipindi, akatoka nayo njiani kwenda nyumbani. Ni chupa moja, lakini kwa meno ni mafuriko kumi. Mate hayapati hata nusu saa ya kutengeneza kilichobomolewa.

Kiasi nacho si kidogo. Chupa ya kola ya mililita 350 ina gramu 37 hivi za sukari, yaani vijiko 9 vya chai. Mama akimwona mwanawe anatia vijiko 9 katika kikombe kimoja atampokonya kijiko. Katika mwongozo wake wa mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayoipata katika chakula cha siku, na kwamba ingefaa zaidi kama ingekuwa nusu ya hapo, yaani gramu 25 hivi. Chupa moja imekwisha kuuvuka mpaka huo wa pili kabla kijana hajanywa chai.

Najua majibu yatakayokuja, kwa kuwa nimekwisha kuyasikia katika mikutano ya wazazi. Niyashughulikie moja baada ya jingine.

Wa kwanza ni msomi. Huniambia, "Mzee, dunia imekwenda mbele, siku hizi kuna soda zisizo na sukari; tuwauzie hizo." Wataalamu hupima ukali wa asidi kwa kipimo kiitwacho pH. Maji safi huwa kwenye 7, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo ukali unavyozidi. Enameli huanza kuyeyuka kipimo kikishuka chini ya 5.5 hivi. Kola ya kawaida iko karibu na 2.5, na ile isiyo na sukari iko karibu na 3. Kila hatua moja katika kipimo hiki ni mara 10, kwa hiyo kutoka 5.5 hadi 2.5 ukali umeongezeka mara 1,000. Kola hutiwa asidi ya fosforiki, na soda za machungwa na ndimu hutiwa asidi ya sitriki, ile ile inayoipa ndimu ukali wake. Kuondoa sukari hakuondoi asidi hizo. Nchi za Uingereza na Afrika Kusini zilianza kutoza kodi ya sukari katika soda mwezi Aprili 2018, na wenye viwanda wakapunguza sukari. Ni hatua nzuri, nami ningeiunga mkono hapa kwetu. Lakini ni dawa ya nusu ya ugonjwa: imeigusa sukari, na asidi imebaki ndani ya chupa. Vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo vijana wanavipenda kuliko hata soda, vina asidi ile ile, na kafeini juu yake.

Wa pili husema, "Wapige mswaki." Wapige, tena kwa dawa yenye floraidi, asubuhi na kabla ya kulala. Lakini mswaki hauwezi kumfuata kijana anayeonja soda kila saa. Zaidi ya hayo, enameli iliyotoka kulowa asidi huwa imelainika. Anayeisugua papo hapo huiparura, kama anayepitisha ufagio mgumu juu ya ukuta wa udongo uliolowa mvua. Anywe maji kwanza, asubiri walau nusu saa.

Wa tatu ni mzee mwenzangu wa Ruembe. Yeye husema, "Sisi tumetafuna miwa tangu utotoni, na meno tunayo." Simbishii meno yake. Mua una sukari, nao ukiliwa kutwa unaweza kudhuru. Lakini mua hutafunwa, na kutafuna huleta mate mengi. Mwenye kuutafuna huchoka taya akauacha. Wala haukutiwa asidi ya fosforiki kiwandani. Soda haimchoshi mtu taya, na haimwambii basi.

Wa nne ndiye mgumu kuliko wote, kwa kuwa ana kitabu cha mahesabu. Ni mkuu wa shule. Huniambia kwamba kibanda cha shule ndicho kinachonunua chaki na kulipa mlinzi, na bila soda kibanda hakiuzi. Ninamwonea huruma, kwa maana najua shida ya fedha katika shule. Lakini shule haiwezi kumfundisha mtoto Baiolojia saa tatu, ikamwonyesha mchoro wa jino ubaoni, kisha saa nne ikamwuzia kitu cha kuliyeyusha. Mtoto huamini kile tunachomwuzia kuliko kile tunachomwandikia.

Miaka michache iliyopita nilialikwa katika mahafali ya Kidato cha Nne, katika shule ambayo sitaitaja. Meza ya wageni ilijaa soda za rangi zote. Maji yaliletwa baadaye, baada ya kuombwa. Msichana aliyesoma risala alisoma vizuri sana, lakini kila alipofika mahali pa kutabasamu aliinua karatasi akajifunika mdomo. Nilipompongeza baadaye niliyaona meno yake ya mbele, yameliwa na kuwa na rangi ya kahawia, na akaniambia magego mawili yalikwisha kung'olewa. Sisemi soda peke yake ndiyo iliyomfikisha pale. Nasema tulikuwa watu wazima zaidi ya ishirini katika meza ile, na mbele ya kila mmoja wetu palikuwa na chupa ya kumfundisha kwamba hiki ndicho kinywaji cha heshima.

Tena kuumwa jino si jambo la uzuri wa sura tu. Mwalimu yeyote anajua kwamba mwanafunzi mwenye jino linalogonga hasikii somo. Usiku hakulala, mchana ameshika shavu, na wiki ya mtihani haimsubiri. Katika sehemu kubwa ya nchi yetu tiba iliyozoeleka kwa jino lililooza ni kulingʼoa, ingawa ipo njia ya kuliziba, nayo ilianzia hapa hapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken na wenzake wa shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kuliziba jino kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine wala umeme. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Jambo la kusikitisha ni kwamba nchi iliyoufundisha ulimwengu kuziba ufa wa jino bado inawang'oa watoto wake magego.

Wa tano husema kwamba mimi nataka kuua ajira za wilaya. La hasha. Sukari ya Ruembe haitakosa chai ya kutiwa. Shule kuwapa wanafunzi maji badala ya soda hakung'oi hata shina moja la mua.

Basi ninalotaka ni hili. Kibanda cha shule kisiuze soda wala kinywaji cha kuongeza nguvu, chenye sukari au kisicho na sukari. Kiuze maji, karanga, maembe na ndizi, na maziwa, ambayo wafugaji wa wilaya hii wanayo. Kila darasa liwe na ndoo safi ya maji ya kunywa yenye koki, kwa kuwa mtoto mwenye kiu hatakunywa hotuba. Vyuo vya ualimu vimfundishe mwalimu kanwa kama vinavyomfundisha kuandaa somo. Nyumbani, soda irudi mahali pake pa zamani: siku ya sherehe, pamoja na chakula, inywewe iishe, kisha chupa iondolewe mezani. Mzazi atakayeona haya kumnyima mwanawe akumbuke kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye.

Katika mkutano ujao wa wazazi, kabla ya kufika kwenye michango, mwenyekiti wa bodi asomewe orodha ya vitu vinavyouzwa katika kibanda cha shule yake, na aulizwe mbele ya watu ni kipi kati ya hivyo angemnunulia mjukuu wake kila siku. Jibu lake liandikwe katika kumbukumbu za kikao.