Metal: albamu gani ya leo itadumu?

Kila mwisho wa mwaka, wapenzi wa metal, ule muziki wa gitare za kishindo, wanatoa orodha ya albamu bora. Nyingi zinasahauliwa upesi. Ni ipi itabaki?

Master of Puppets ya Metallica, ya mwaka 1986, ilidumu kwa sababu vijana waliisikiliza nzima, wakajifunza gitare kwayo, wakaunda makundi yao. Kipimo ni hicho: si mauzo wala zawadi, ni wanafunzi.

Gojira wa Ufaransa walionekana dunia nzima kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Paris, Julai 2024. Lakini kujulikana si kudumu: siku ile ilisifiwa onyesho, si albamu yao Fortitude ya 2021.

Mimi nachagua Absolute Elsewhere ya Blood Incantation, kundi la Denver, Marekani, iliyotoka Oktoba 2024. Ina nyimbo mbili tu, kila moja dakika 20 na zaidi, metal nzito ikichanganyika na vinanda vya umeme vya miaka ya 1970. Huwezi kuionja kwa kipande cha simu. Unaisikiliza yote ao unaiacha. Wanamuziki wakiogopa kazi kama hii, watoto wetu watarithi vipande tu.