Hedi Haipanuliwi kwa Macho

Chini ya meza yangu ya kazi kuna hedi niliyoifunga kwenye gunia. Ni ya injini ya Toyota 4A-GE, ile ya valvu 16. Haifai kufungwa tena kwenye gari, na moyo umenikatalia kuiuza kama alumini chakavu. Ukimulika tochi kwenye njia ya kuingizia hewa ya silinda ya tatu, utaona kitobo kisichozidi kichwa cha njiti ya kiberiti. Hapo ndipo fundi alipokwangua na grainda mpaka akakutana na njia ya maji. Nilimpelekea mwenyewe, kwa hiari yangu, na fedha nikalipa kabla, kwa sababu niliamini kile anachoamini karibu kila kijana anayetaka gari lake likimbie: panua tundu, injini itavuta hewa nyingi, nguvu itaongezeka.

Imani hiyo ni ya uongo. Imeua hedi nyingi nzuri za injini ambazo hazitengenezwi tena, na bado inauzwa kwenye magereji yetu kila siku kwa jina la utaalamu.

Nakubali kwamba ina sura ya ukweli. Mtu anafikiria bomba la maji: la inchi mbili hujaza pipa upesi kuliko la inchi moja. Ila hewa haiingii kwenye injini kama maji yanayoteremka kutoka kwenye tenki la juu ya nyumba. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu ya kuingizia inafunguka na kufunga mara 50 kwa sekunde moja. Hewa inakurupuka, inasimamishwa, inakurupuka tena. Na hewa ina uzito. Ikishapata mwendo haitaki kusimama, na walioziunda injini hizi walilijua hilo vizuri, ndiyo maana valvu ya kuingizia haifungi pale pistoni inapofika chini. Inachelewa. Pistoni inakuwa imeshaanza kupanda, na mchanganyiko wa hewa na petroli bado unajishindilia ndani kwa nguvu ya mwendo wake wenyewe.

Sasa chukua grainda upanue ile njia. Hewa ni ileile, njia imekuwa pana, mwendo umepungua. Ukipunguza mwendo kwa sehemu moja ya kumi, umepoteza karibu sehemu moja ya tano ya ule msukumo, maana msukumo huo unafuata mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Pistoni ikipanda, hewa goigoi haina ubavu wa kushindana nayo, inarudishwa ilikotoka. Matokeo yake kila fundi ameyaona hata kama hakujua chanzo: gari halikai sailensa, kuliondoa mlimani mpaka uunguze klachi, na linaamka kwenye mizunguko ambayo barabara ya mjini haikupi nafasi ya kuifikia. Mwenye gari anaambiwa, “Hii sasa ni injini ya mashindano.” Anaondoka amefurahi na gari lililodhoofika.

Anayebisha aiulize Toyota yenyewe. 4A-GE ilitoka mwaka 1983 ikiwa na njia pana za kuingizia hewa. Toyota walijua upana ule ungeiua injini kwenye mizunguko ya chini, kwa hiyo kila silinda ikapewa njia mbili, na moja ikawekewa kipepeo kinachoiziba mpaka injini ikolee. Kisha mwaka 1989 wakaleta hedi mpya. Waliyafanya matundu kuwa madogo, kile kipepeo wakakitupa kwa kuwa hakikuhitajika tena, na uwiano wa mgandamizo wakaupandisha kutoka 9.4 hadi 10.3. Injini ya soko la Japani ikatoka nguvu farasi 120 hadi 140. Sisemi kwamba zote 20 zililetwa na tundu dogo. Mgandamizo una sehemu yake kubwa. Nasema kwamba wahandisi waliokuwa na maabara na fedha za kujaribu kila kitu, walipotafuta nguvu zaidi, waliufanya mlango kuwa mwembamba. Sisi tunazichukua hedi hizohizo na kuzitanua kwa kukadiria.

Kuna na huu ugonjwa wa kung'arisha. Njia ya kuingizia inasuguliwa kwa msasa laini mpaka unajiona uso, mteja anapigia picha. Kwenye injini ya kabureta, au ile ambayo petroli inapulizwa njiani kabla ya valvu, ukuta unaoteleza kama kioo unaacha petroli ijilaze na kutambaa kama umande kwenye jani. Petroli ya namna hiyo haiungui vizuri. Ukuta ulioishia kwenye msasa mkavu wa namba 80 unasaidia kuipeperusha irudi hewani. Ng'arisha njia ya kutolea moshi ukipenda, walau masizi yatachelewa kushika. Njia ya kuingizia iache na ukwaruzo wake.

Nguvu ipo, lakini haipo kule grainda inakofika kwa urahisi. Ipo kwenye kiti cha valvu na upana wa kidole kimoja chini yake. Hapo ndipo hewa inapobanwa kuliko popote. Kiti kilichokatwa kwa pembe tatu, 30, 45 na 60, kikaachiwa uso mwembamba wa kukalia valvu, kinaongeza nguvu kuliko saa nane za kukwangua mdomo wa njia. Halafu kuna ile kona ya ndani, upande mfupi, ambapo sakafu ya njia inakunja kushuka kwenye valvu. Ukiichonga ikawa kali, hewa inashindwa kukata kona, inaachana na ukuta na kuanza kujizungusha, na tundu lako pana linapitisha hewa pungufu ya lilivyokuwa mwanzo. Ndiyo, pungufu. Na jicho halioni jambo hilo. Kidole hakilihisi. Linaonekana kwenye kipimo tu.

Kupima ndiyo kazi yenyewe. Harry Weslake, Mwingereza, alikuwa anapima mtiririko wa hewa kwenye hedi tangu miaka ya 1920, akaboresha injini za Bentley, na baadaye akashirikiana na Jaguar kwenye hedi ya injini ya XK iliyotoka mwaka 1948. Magari yenye injini hiyo yalishinda mbio za Le Mans mara tano kati ya 1951 na 1957. Karibu miaka 100 baada ya Weslake kuanza kupima, bado kuna fundi anayesema mkono wake unajua.

Mashine ya kupimia mtiririko inanyonya hewa kupitia hedi kwa mvutano ule ule kila mara. Kipimo kilichozoeleka ni kimo cha maji cha inchi 28, yaani sentimita 71. Valvu inafunguliwa milimita moja inasomwa, mbili inasomwa, tatu, mpaka mwisho. Usomaji wa chini haupuuzwi, kwa sababu valvu inapita hapo mara mbili, ikifunguka na ikifunga, wakati kule juu inagusa mara moja. Mashine ya dukani ni ghali. Lakini mota za vifyonza vumbi, sanduku la mbao lisilovuja na mpira angavu uliopindwa ukatiwa maji ya rangi vinatosha kukuambia kama hedi ya leo inapitisha zaidi ya ile ya jana.

Na kupima ujazo hakuhitaji hata umeme. Mzee aliyenifundisha, baada ya kuiona hedi yangu iliyotobolewa, hakunicheka. Aliniambia, “Mwanangu, usije tena kuniambia umepanua. Niambie kiasi gani.” Kisha akanituma duka la dawa nikanunue bomba la sindano la mililita 20. Tulichukua hedi nyingine ya aina ileile, tukailaza chali, valvu zimekaa na plagi zimefungwa. Akapaka grisi nyembamba ukingoni mwa chumba cha kuchomea, akafunika kwa kipande cha plastiki ngumu angavu chenye tundu dogo, akaanza kusukuma mafuta ya taa aliyoyatia mafuta mekundu ya gia otomatiki ili yaonekane. Aliinamisha hedi kidogo hadi povu la mwisho likatoka. Tukaandika. Vyumba viwili vya hedi ileile vilitofautiana kwa mililita mbili na nusu.

Inaonekana ndogo. Piga hesabu. Tofauti nzima kati ya uwiano wa 9.4 na 10.3 kwenye injini hii ni mililita 4.6 kwa silinda. Haijazi kijiko cha chai. Mililita mbili na nusu maana yake silinda moja inagandamiza kwa 10.3 na jirani yake haifiki 9.8. Injini ya namna hiyo inavuta kama ng'ombe wawili wasiolingana kwenye nira moja, na hakuna upana wa tundu utakaoitibu.

Watu wa Nairobi huniambia kwao hewa ni nyepesi, kwa hiyo lazima watanue. Ni kweli kwamba ukipanda kutoka Mombasa hadi pale, mita kama 1,700 juu ya bahari, mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu moja ya sita. Lakini wepesi huo uko nje ya injini, na tundu halileti hewa ambayo haipo. Mwendo wake ndio wa kuulinda zaidi huko.

Wengine wanasema wameona kwa macho yao gari likibadilika baada ya kupanuliwa. Nawaamini. Ila fundi huyohuyo alisaga valvu, akaskimu hedi, akaosha kabureta na kurekebisha taiming. Gari lingebadilika hata kama grainda ingebaki ukutani. Injini ya mashindano halisi, yenye kamshafti yake na inayoishi juu ya mizunguko 8,000, inaweza kuhitaji njia pana zaidi. Nayo hupanuliwa kidogo kidogo, kila hatua ikipimwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujakabidhi hedi yako, mwombe fundi karatasi. Iwe na ujazo wa kila chumba, ujazo wa kila njia, na mtiririko kabla na baada. Akikuonyesha mng'ao badala ya namba, ifunge hedi yako kwenye kitambaa, mwage kwa heshima, urudi nayo nyumbani.