Nani Humsahihisha Msahihishaji?

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja alikata rufaa. Nilisoma upya majibu yake, alama ya kwanza nikiwa nimeifunika, nikampa B pale nilipokuwa nimempa C. Majibu yalikuwa yaleyale. Aliyekosea ni mimi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiitafakari habari ya kadi moja ya Marekani.

Kadi hiyo ina picha ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli wa Pittsburgh, nayo ilitolewa na kampuni ya tumbaku kati ya 1909 na 1911. Nakala zilizosalia ni chache mno. Mwaka 1991 kampuni changa ya PSA ilianza kazi ya kuzipima kadi za aina hii: hukagua pembe, kingo, uso na jinsi picha ilivyokaa katikati, hutoa alama kuanzia 1 hadi 10, kisha huifungia kadi ndani ya kasha gumu la plastiki. Kadi ya kwanza kupimwa ilikuwa hii ya Wagner. Ilipata 8.

Mwaka huohuo nyota wa hoki Wayne Gretzky na mwenzake waliinunua kwa dola 451,000. Kufikia 2007 ilikuwa imeuzwa kwa dola milioni 2.8. Kisha mwaka 2013 dalali maarufu wa minada, Bill Mastro, akakiri mbele ya sheria kwamba alikuwa amezikata kingo zake kabla haijapimwa. Kwa kanuni za kazi hiyo, kadi iliyokatwa haistahili kupewa alama hata moja.

Sisemi kwamba upimaji ni ulaghai. Kabla ya kuwapo wapimaji, mnunuzi alitegemea kinywa cha muuzaji, na kila muuzaji husifu chake. Kasha nalo huikinga kadi dhidi ya unyevu na vidole. Lakini kasha lilelile huukinga uongo: kadi ikishafungwa, hakuna awezaye kuzigusa kingo zake, na watu huanza kununua namba badala ya karatasi.

Tazama pia nani humlipa mpimaji. Ni mwenye kadi, na ada hupanda kadiri thamani ya kadi inavyopanda, ilhali thamani hiyo hutokana na alama. Huhitaji kumshuku mtu yeyote binafsi ili uuone udhaifu wa mpango huo.

Ndugu zangu watumishi wa umma, mnaoweka sahihi kwenye ripoti za ukaguzi na vyeti vya ubora, bila shaka mmekwisha kunielewa. Alama ni ushahidi wa mtu mmoja kwa siku moja. Huwa haki pale tu inapoweza kuhojiwa. Ndiyo maana vyuo vina mtahini wa nje, na ndiyo maana mwanafunzi ana haki ya rufaa, hata kama sisi walimu huiona kuwa usumbufu.

Mwanafunzi wangu alikuja ofisini akitetemeka, akidhani amenikosea adabu. Nilimshukuru. Ninachojiuliza ni kuhusu wale ambao hawakuja: ni wangapi wanaotembea na C yangu, imefungwa ndani ya plastiki?